Haviwaki Pamoja

Nguzo tatu, walisema. Kutoka barabarani hadi kiwanja changu
ni nguzo tatu, na bei yake waliiandika kwa penseli
kana kwamba hata wao waliionea aibu.
Nikaifinya karatasi kiganjani. Nikanunua Hiace.

Ilikuwa ya shule. Viti niliving'oa, nikabakiza kimoja,
na dirishani kuna mtoto aliyekwaruza kwa msumari
"Yusta 3B", na chini yake jua lenye meno.
Hapo ndipo ninapolala, Goba, juu kwenye mteremko,
tofali mia nne zikinilinda mlango,
tofali ambazo bado si nyumba.

Inveta nilifungiwa Gerezani, na fundi Lugendo.
Ubavuni imeandikwa wati elfu tatu.
Lugendo akaisoma kama karani anayesoma
cheti cha kuzaliwa cha mchezaji mpira.
"Toa uongo," akasema. "Inabaki elfu moja."
Kisha, akikaza skrubu kwa kisu cha mezani, akanighania,
maana kabla ya nyaya alikuwa akighani harusini, Tandika:

    Waya mwembamba si waya, utambi wa kibatari;
    na friji haina haya, ikiamka ni shari;
    pasi, mlafi wa ghaya, hula betiri ya gari;
    ukihesabu vibaya, asubuhi husafiri.

Volti kumi na mbili huingia, mia mbili thelathini hutoka.
Nilimuuliza ile ziada inatoka wapi.
"Haitoki popote, dada. Ukiona kimepanda huku,
ujue kimeshuka kule. Betri ndiyo inayolipa."
Nikanyamaza. Niliolewa miaka kumi na moja;
somo hilo nilikwishalisoma, ila kwa majina mengine.

Sasa navijua vitu vyangu kwa njaa zao.
Feni, wati arobaini na tano: mgeni mstaarabu.
Chaja ya simu haihesabiki.
Blenda ina kelele kuliko ulaji.
Friji ndogo, ile niliyoibeba kifuani siku niliyoondoka,
hukaa kimya kama mtu mwema, halafu hushtuka usingizini
na taa ya ndani huinama, ikainuka tena.
Birika nilimpa dada yangu wa Kimara. Tulishindwana.

Watu wanailaani foleni ya Makongo.
Mimi foleni ndiyo bwawa langu la umeme:
injini inaunguruma, gari halisogei,
na kule nyuma betri inakunywa taratibu,
muuza karanga akishangaa huyu mama anayetabasamu.

Na pasi.
Pasi ni Jumapili usiku. Kwanza nachomoa friji;
samaki namwomba avumilie, ni dakika kumi.
Natandika blanketi kwenye kile kiti kilichobaki,
napiga sare ya kijani ya ofisi ya bima,
na inveta inavuma, feni yake ya ndani ikihema
kama mtu anayepanda ngazi na gunia begani.

Wiki iliyopita mvua ilikata njia siku mbili.
Gari halikutoka, kwa hiyo betri haikula.
Nikajua. Nikawasha hivyo hivyo.
Nikamaliza kola. Nikamaliza mfuko wenye nembo,
mkono wa kulia, na nusu ya mkono wa kushoto,
ndipo ikaanza kulia, ti, ti, ti,
taa nyekundu, kumi na nusu, kimya.
Giza la Goba likaingia bila kubisha hodi,
na harufu ya kitambaa cha moto, na chura.

Jumatatu nilikaa kaunta, kola imesimama wima,
na kuanzia kiunoni kwenda chini nimekunjamana
kama ile karatasi ya nguzo tatu.
Mteja akasema, "Dada, leo umependeza."
Nikamgongea muhuri.
Saa kumi na moja natoka. Niacheni niwahi foleni.